Nilivyoapa Southall kwa paundi nne, na Mfilipino aliyerudishiwa nchi yake

Wakuu, heshima yenu.

Gharama yote ya mkasa huu ni paundi nne. Nimehesabu mara mbili, ni nne. Nimeshatapeliwa hela nyingi kuliko hizo hapa mjini na nikasahau. Hizi nne hazisahauliki.

Sitii chumvi. Majina nimebadilisha, mengine nayaweka kama yalivyokuwa.

Mimi ni Mpare wa Same. Najua utani wenu kuhusu sisi na hela, kwa hiyo utoeni mapema huko chini tumalizane.

Niliingia London miaka ya tisini, nikapata kazi care home moja pande za Hounslow. Kuosha wazee, kuwalisha, kuwageuza kitandani.

Kilichonifanya nivumilie ni kitu kimoja. Nyumbani Same mama alikuwa na kiwanja, na mimi nilikuwa najenga pale kidogokidogo. Mwezi huu saruji, mwezi ujao mabati. Mpango wangu ulikuwa mfupi: nikichoka na wazee wa watu, narudi kuzeekea pale.

Pale kazini Wafilipino walikuwa wengi. Niliyepangwa naye shift mara nyingi aliitwa Luz. Kwao alikuwa nesi kamili, hapa alikuwa anabadilisha nepi kama mimi. Aliniita "Kuya", yaani kaka kwa lugha yao. Mimi nikamwita dada Luz.

Ndani ya mlango wa locker yake alibandika bendera ya kwao. Akileta tambi za kukaanga anagawia kila mtu, lakini ukiisema vibaya Ufilipino, hata kama unasema kweli, siku hiyo hupati.

Sisi Wabongo mnatujua. Tukikutana tunaiponda nchi hata salamu hazijaisha. Na kwenye kuponda, mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti.

Basi miaka ikaenda, tukafikia kustahili kuomba uraia wa hapa. Mimi ndiye niliyempigia Luz hesabu. Visa ngapi tutaokoa, foleni ngapi, maswali mangapi ya uwanja wa ndege.

"Dada Luz, ile passport nyekundu ni karatasi tu. Moyo unabaki ulipo."

"Na nchi yangu itasemaje?"

"Nchi yako iko mbali, haikuoni."

Nilikuwa najiona nina akili sana.

Siku hizo hakukuwa na sherehe za halmashauri kama sasa. Unakwenda kwa wakili, unaapa, anagonga muhuri, unarudi kazini. Nikapata wakili Southall, juu ya duka la vitambaa. Mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa Nairobi, Kiswahili kimemkaa vizuri. Kiapo kilikuwa paundi tano kwa kichwa.

"Mzee, tuko wawili. Fanya nane," nikamwambia.

"Wewe mtu wa Tanzania, hata kiapo unataka kupunguziwa?"

"Tunaapa kwa pamoja, mzee. Muda wako ni uleule."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Haya, lete nane. Lakini mseme kwa sauti, sitaki nisikie nusu kiapo."

Tukaapa. Nikaomba risiti, kwa sababu sijawahi kutoka dukani bila risiti.

Kwenye basi Luz alikaa dirishani akawa analia kimya. Nikamwekea sarafu ya paundi mkononi. "Chukua, nimekuokolea hiyo."

Akaitazama ile sarafu. "Kuya, yule mzee tumemuuliza bei tu. Hatukumuuliza tunaacha nini pale."

Mimi nikamwona ana hisia nyingi.

Wakuu, nieleze kidogo kwa wasiojua. Sheria yetu, ukiwa mtu mzima ukachukua uraia wa kwingine kwa hiari yako, wa Tanzania unakuwa umekwisha. Ya kwao wakati ule ilikuwa hivyohivyo. Tofauti ni kwamba Luz alijua, ndiyo maana alilia. Mimi passport yangu ya zamani niliiweka kwenye droo chini ya soksi, nikaamini nimebaki na mbili. Wangapi humu mna ya chini ya soksi? Msijibu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili Luz alikuja kazini amepaka rangi ya mdomo. Sheria ya kwao imebadilika. Aliyepoteza uraia anaapa upya, anarudishiwa, na wa huku anabaki nao. Akanialika nikashuhudie.

Ilikuwa Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa. Maofisa wa ubalozi wao waliwafuata pale kwa sababu wengi wao ni wafanyakazi wa ndani na wauguzi, na siku ya mapumziko ni hiyo moja. Nilidhani nitakuta foleni na watu wamenuna. Nikakuta wanawake wamevaa kama wanakwenda harusini, na masufuria ya wali nyuma ya ukumbi.

Wakasimama, mkono wa kulia juu, wakaapa. Kisha wakaimba wimbo wa taifa. Bibi mmoja, mpishi wa tajiri fulani, aliimba amefumba macho, pochi ikaanguka na hakuiokota mpaka wimbo ulipoisha.

Mimi nilisimama ukutani na sahani yangu. Nikajaribu wa kwetu kichwani, nikafika ubeti wa pili nikakwama.

Luz akaja na cheti chake. "Kuya, na ninyi lini?"

"Yetu iko kwenye mchakato."

"Mchakato ni nini?"

Nikamweleza. Alicheka, lakini alipoona mimi sicheki akaniongezea wali.

Baada ya hapo ndipo mama akafariki.

Nilishuka Dar nikasimama foleni ya wageni. Mbele yangu watalii wa kupanda mlima, wamevaa mabuti tayari. Nikalipia visa. Kijana wa dirishani aliniuliza kwa Kiingereza nimekuja kwa shughuli gani.

"Nimekuja kumzika mama," nikamjibu kwa Kiswahili.

Akanyanyua uso. "Pole sana, kaka." Akaitazama ile passport, akanitazama tena. "Hapa nitaandika matembezi."

Hakunikosea hata kidogo. Alinigongea muhuri akaniambia karibu Tanzania.

Mnajua ule usemi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Same walinipa kiti na soda. Nikishika beleshi nisaidie kaburi, mtu ananipokea: "Acha mgeni wetu, utachafuka."

Mama akazikwa palepale kiwanjani, nyuma ya nyumba niliyojenga mimi.

Baada ya matanga ukoo ukakaa. Baba mdogo ndiye msemaji wetu, na ananipenda, hilo msimwonee. Akasema kiwanja kiandikwe jina la Elia, mdogo wangu.

"Baba mdogo, kila tofali pale nimenunua mimi. Risiti ninazo."

"Najua, mwanangu. Lakini asiye raia haandikwi ardhi, na mwenyekiti wa kijiji ameuliza raia ni nani. Tungemjibuje? Wewe ulikwenda kuapa huko. Ulituuliza?"

Nikainuka nikatoka. Elia akanifuata nje. "Kaka, funguo ni zako. Kwangu ni jina tu."

Jina tu. Kama vile passport ni karatasi tu. Sentensi yangu mwenyewe, nimerudishiwa bila riba.

Sasa mwezi uliopita Elia amepiga simu. Watoto wake wanakwenda sekondari, biashara imelala, na kuna mwalimu anataka kununua nusu ya kiwanja, upande wa nyuma.

"Upande wa nyuma ndipo alipo mama," nikamwambia.

"Tutaacha kaburi na njia, kaka. Nilikuwa nakutaarifu tu."

Kunitaarifu. Anaweza, maana kwenye karatasi mimi ni mtu niliyekuja matembezi.

Luz alishastaafu, amerudi kwao. Juzi alinipigia yuko kibarazani kwake, kuku wanasikika nyuma. Maneno mawili ya Kiswahili ndiyo yaliyombaki. "Kuya, bado mchakato?"

Bado, dada.

Nilichojifunza ni hiki: nilishusha bei mpaka mwisho bila kuuliza ninauza au ninanunua. Kuomba punguzo ni kazi yangu tangu utotoni, na siku ile niliifanya vizuri sana.

Wenye uzoefu, naombeni ushauri kabla Elia hajasaini. Kuna aliyeukana uraia wa huku akarudishiwa wa nyumbani? Alianzia ofisi gani, ilichukua muda gani, na kiwanja kilimsubiri?

Niko tayari kurudisha walichonipa. Yule mzee wa Southall alishafunga ofisi, juu ya duka la vitambaa sasa wanashona nguo. Risiti yake bado ninayo, paundi nane kwa watu wawili. Mwenzangu kiapo chake kilirudi. Cha kwangu nikirudishe wapi?