Kaka Aliyenisindikiza Kufuata Mafao

Jamani, nimeaibika. Marehemu mume wangu alikuwa afisa wa wanamaji, na wiki iliyopita niliitwa mjini Songea kushughulikia mafao ya mjane. Jirani yangu wa Ruhuwiko alikuwa amenitisha kwamba mjane akijulikana ana mchumba, haki yake inapotea. Nami mchumba ninaye, Gervasi, na ndiye aliyenisindikiza.

Karani, dada mmoja mchangamfu, alinisalimu, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Na huyu baba ni nani wako?"

"Kaka yangu, tumbo moja," nikajibu. Gervasi akakohoa. Badala ya kuishia hapo, nikaongeza kwamba nilimlea kwa kumbeba mgongoni.

Yule dada akaziba mdomo, lakini kicheko kikamponyoka. "Mama, mbona Jumapili padre aliwatangaza kuwa mnafunga ndoa? Mimi naimba kwaya palepale!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye akanishika mkono.

"Uchumba haufuti haki yako, mama, walikudanganya. Lete vyeti tuanze. Na wewe, baba, usikae mbali hivyo. Sogea karibu na mchumba wako."