Sale kwa mlima wa plasta

Jengo jipya la maonyesho ya sayansi hapa Moshi linasifiwa sana. Ni la matofali ya udongo, halina kiyoyozi, na maji ya mvua kutoka paani yanaingia kwenye tangi. Juzi niligonga tangi hilo likalia kama debe tupu. Uani wamepanda masale, mimea ya majani marefu ambayo Wachagga huizungushia mipaka ya mashamba, kwa kuwa hayasumbui kwa maji.

Ndani kuna Kilimanjaro ya plasta. Ukibonyeza kitufe, taa nyeupe za kileleni zinazimika moja moja, kuonyesha theluji inavyokwisha. Siku hiyo mama mmoja aliyeshuka kutoka Kibosho alisimama kando yangu, akatazama mpaka taa ya mwisho ikazimika. Akatoka nje, akarudi na jani la sale amelipiga fundo, akaliweka chini ya mlima kwa mikono miwili.

Dada anayeongoza wageni akamfuata. “Shikamoo mama. Samahani, hapa haturuhusu kuweka kitu.”

“Marahaba. Hili ni sale, mwanangu.”

Dada, naye Mchagga, alikuwa ameshanyoosha mkono aliondoe. Akaurudisha haraka.

“Kwani umemkosea nani, mama?”

Mama akaonyesha plasta kwa kidevu. “Miti ya kule juu tumeikata wenyewe. Unamjua mwingine wa kuombwa msamaha?”

Dada akabonyeza kitufe. Theluji ya plasta ikarudi yote. Tukageuka sote watatu kuutazama mlima wenyewe dirishani.

Huku kwetu, anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Hiyo ni mila ya watu. Mlima haujawahi kuahidi kuifuata.