Mkata Tiketi wa Stendi ya Uyuni

Mama anayekata tiketi jirani na meza yangu ya chai hutafuna majani ya koka kutwa. Akiita abiria, jina la "Sucre" hulitema; "Potosííí" hulivuta mpaka pumzi zimwishie. Jana mtalii alimwuliza aende mji upi. "Nasikia Potosí ni baridi na vumbi tupu, Sucre ni nyeupe, inapendeza." Kalamu ikasimama.

"Nyeupe!" akafoka. "Hiyo chokaa yao imenunuliwa kwa madini ya mlima wetu wa Potosí, mwanangu!"

Akamkatia ya Sucre, maana basi hupitia Potosí, tena kiti cha dirishani, kama awafanyiavyo wote.

"Ukiuona mlima, vua kofia. Baba yangu aliingia kuchimba, yumo humo mpaka leo."