Tumbo Langu na Woga wa Watu

Mwaka ule niliugua tifoide. Nilimaliza dawa kali za antibiotiki, homa ikaisha, lakini tumbo halikutulia. Kisha nikaanza kuogopa watu. Nilikuwa nauza vitenge katika soko la Mabanga, kazi ya kuita wateja na kubishana bei tangu asubuhi. Sasa mteja akisimama mbele yangu moyo ulinienda mbio, nikajifanya natafuta kitu nyuma ya mizigo mpaka aende.

Siku ya mahari ya mdogo wangu, mimi dada mkubwa ndiye niliyetakiwa kuwakaribisha wakwe. Nilisimama, nikaziona nyuso zile zote, nikatoka nje. Mume wangu alinikuta nyuma ya nyumba nimekaa juu ya mawe.

"Mama, wageni wanangojea."

"Uwaambie tumbo inaniuma."

Haikuwa uongo. Shangazi ndiye aliyewakaribisha.

Wengine nyumbani walisema nimerogwa. Mume wangu akanipeleka kwa daktari. Daktari alinieleza kwamba tumboni mnaishi vijidudu vingi vinavyotusaidia, na huenda dawa ile iliua vile vibaya na vile vizuri pamoja. Tumbo na ubongo vinawasiliana, akasema. Wataalamu bado wanachunguza kama vijidudu hivyo vinagusa hata hofu yetu.

"Siwezi kukuahidi kitu, mama. Jaribu kunywa mashanza. Lakini usijifungie nyumbani, na woga ukizidi urudi, tuko na namna ingine ya kukusaidia."

Mume wangu, aliyekua kati ya ng'ombe wa Masisi, alicheka. "Kumbe maziwa ya kuganda ya mama yangu ni dawa?"

Kwetu, upande wa Bukavu, tulilelewa kwa chai. Maziwa yale niliyanywa nimebana pua.

Tumbo ndilo lililotulia kwanza. Woga ulipungua polepole. Siku zingine ulirudi na nguvu zake zote. Mume wangu anayasifu maziwa. Mimi sijui. Majuma yale yale nilikuwa nimeanza tena kulala vizuri, na kila asubuhi nilijilazimisha kwenda sokoni.

Pasaka tulienda Kibati kwa mama mkwe. Nyumba ilijaa watu.

"Umepona, mutoto wangu?" akaniuliza.

"Naweza kukaa na watu, mama."

Akanipa kisu, nikaketi kati ya wake wa shemeji zangu, tukamenya viazi tukisema habari za watoto.