Roba na Mbio za Mtamba

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, mwaka wa mafuriko. La, nimekosea. Mafuriko yalikuwa yameshapita na mto Tana umerudi ndani ya kingo zake. Ni mwaka uliofuata, ule ambao Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi na jua likawa halina huruma. Mwaka huo ndio Roba alikaa wiki sita akijiuliza akimbie au asikimbie.

Roba alikuwa mchungaji, Muorma wa nyanda za Garsen, umri wake miaka arobaini na miwili. Nasema alikuwa, maana mchungaji asiye na ng'ombe sijui aitwe nani. Kiangazi kirefu cha miaka ya nyuma kilimmalizia ng'ombe ishirini na sita, akabaki na jike mmoja mwekundu. Januari ya mwaka huo nyasi zikaisha tena, na yule mwekundu akakonda mpaka mbavu zikahesabika.

Darmi, mkewe, akamwambia, "Baba Sadia, mpumzishe siku mbili, mimi nitamtekea maji. Huyu hana nguvu ya safari."

Roba hakusikia. Akamswaga kuelekea mtoni, mwendo wa nusu siku, tena kwa haraka. Walipofika pale ambapo harufu ya maji huanza kusikika, ng'ombe akapiga magoti. Roba akamchapa fimbo. Akainuka, akatembea hatua kumi, akalala, asiinuke tena. Hatua kumi. Roba alizihesabu.

Darmi hakugomba. Alifunga mizigo, akawachukua watoto wawili, akaenda kwa babake upande wa Wenje. Baada ya siku chache babake, Mzee Dado, akatuma neno kwa dereva wa lori: watoto hawanywi maneno, siku Roba atakapokuwa na hata mtamba mmoja wa ng'ombe, aje tuzungumze.

Sasa, kulikuwa na jambo moja. Kwao, mwanamke akiondoka moja kwa moja huchukua vyombo vyake vyote vya maziwa, vile vya kusukwa alivyokuja navyo siku ya harusi. Darmi alivichukua vyote isipokuwa kimoja. Kilibaki kikining'inia kwenye nguzo ya mlango. Amekisahau? Basi hata Roba apate ng'ombe mia, yamekwisha. Amekiacha? Basi mlango haujafungwa. Na chombo kisichofukizwa moshi huharibika, kwa hiyo Roba alikuwa akijifungia ndani watu wasimwone, akakifukiza kwa kijinga cha moto, kazi ya wanawake ambayo hata kwa macho hakuwahi kuifuata vizuri.

Mwisho wa Februari likabandikwa tangazo ukutani karibu na soko la mifugo, pale Garsen. Mbio za marathoni, kilomita arobaini na mbili, katikati ya Aprili. Tajiri mmoja wa ng'ombe alikuwa ameongeza zawadi yake: mwenyeji aliyetimiza miaka arobaini, atakayewatangulia wenzake wa umri huo, atapewa mtamba mwenye mimba.

Roba akaomba asomewe mara mbili. Kisha akaenda kwa Mwalimu Dzombo, Mgiriama aliyefundisha michezo pale mjini, ambaye ndiye aliyeandikisha majina.

"Mbio hizi zataka miezi minne ya mazoezi," Mwalimu akasema. "Wewe una wiki sita, na nne ni za mfungo."

"Nimefuata ng'ombe siku mbili bila kula, Mwalimu."

"Kutembea si kukimbia, Baba Sadia. Nyinyi wenyewe pale sokoni husemaje? Ng'ombe hanenepi siku ya mnada."

"Twasema hivyo tukitaka kumpunja mwenye ng'ombe."

Mwalimu akacheka, akaandika jina kwa kalamu ya risasi. "Nimeandika hivi ili likifutwa lisiache alama. Amua kabla ya asubuhi ya mbio. Lakini mimi ningekuwa wewe, ningekaa."

Roba akaanza. Kila siku baada ya sala ya alasiri, na kinywa kikavu, alitoka Garsen akikimbia kuelekea Idsowe na kurudi. Mtu mzima wa kwao hakimbii ovyo; hukimbia kwa vita, kwa maji, au kwa ng'ombe aliyepotea. Siku ya pili mwenye bodaboda akasimama kando yake.

"Wameelekea wapi?"

"Nani?"

"Ng'ombe wako. Panda tuwafuate."

"Sina ng'ombe."

"Basi unafukuza nini, mzee? Au unafukuzwa?"

Pale kwenye mabanda ya chai, baada ya futari, wakambatiza jina: Bwana Mtamba. "Anamkimbilia mkewe," akasema mmoja, kisha akamgeukia Roba. "Wenje iko upande ule mwingine, umepotea njia." Roba naye alicheka nao. Akirudi nyumbani alikaa akakitazama kile chombo.

Siku ya ishirini ya mfungo alishindwa kuendelea, akaketi kando ya lami. Alisikia pumzi yake ikitoka kwa mkwaruzo, na aliijua pumzi hiyo, alishaisikia Januari kwa yule mwekundu. Yule wa bodaboda akapita tena. Safari hii hakutania. Alimpandisha, akampeleka mpaka mlangoni, akaondoka bila kudai kitu.

Baada ya Idi alijaribu nusu ya njia yote. Alifika, lakini mkojo wake ulitoka na rangi ya chai ya rangi, na siku mbili hakuweza kuchuchumaa. Mwalimu alipoambiwa alitikisa kichwa. "Ukijilazimisha utaanguka njiani, na safari hiyo hakutakuwa na pikipiki."

Asubuhi ya mbio Roba alifika. Alikuwa na namba kifuani, imeshikizwa kwa pini nne. Vijana walikuwa wakirukaruka mahali pamoja, wakijinyoosha misuli. Roba akatazama miguu yake. Alimwona yule mwekundu akiinuka kwa ajili ya fimbo, si kwa ajili ya maji. Akafikiri: safari hii fimbo nimeishika mwenyewe, na mgongo ni wangu. Darmi aliponiambia nimpumzishe ng'ombe nilimpuuza; sirudii. Akafungua pini moja moja, akampa Mwalimu namba yake.

"Umefanya jambo la busara," Mwalimu akasema, akatoa kifutio.

Alishinda sokoni siku hiyo, amekaa juu ya uzio wa zizi tupu. Alasiri Mwalimu akamjia, akasimama bila kuketi.

"Mtamba amechukuliwa," akasema. "Wa umri wako walikuwa watatu. Wawili waliacha njiani. Aliyefika ni fundi cherehani kutoka Idsowe."

"Alitumia muda gani?"

"Karibu saa saba. Nusu ya pili alitembea."

"Alitembea?"

"Alitembea."

"Yaruhusiwa?"

Mwalimu akaangalia viatu vyake. "Yaruhusiwa. Hukuniuliza."

"Uliniambia kutembea si kukimbia."

Mwalimu akainua macho. Mbele yake alikaa mtu aliyetembea nchi ile yote nyuma ya mikia ya ng'ombe tangu utoto. Kilomita arobaini na mbili kwake zilikuwa ni kutoka maji haya hadi maji yale.

Wiki iliyofuata Roba alikitungua chombo, akakifunga kwa kitambaa safi, akaenda Wenje. Mzee Dado alimkaribisha kwa heshima, akamwekea kigoda, wala hakuuliza kuhusu mtamba. Habari zilikuwa zimeshafika. Darmi akatoka nje. Alikipokea chombo kwa mikono miwili, akakifungua, akanusa ndani.

"Nani amekifukiza?"

"Mimi."

Mzee Dado akakohoa, akageuza uso upande wa mto.

"Mkono wako mzito," Darmi akasema. "Umezidisha moshi. Maziwa yatakuwa machungu."

"Maziwa yapi?" akauliza Mzee Dado, kwa upole, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Darmi hakucheka. Lakini chombo hakukiweka chini. Alikipakata kama mtoto, akaanza kurudi ndani. Roba akasimama, akamuuliza neno ambalo hata leo hajajibiwa, si na yeye, si na babake:

"Mama Sadia, hicho chombo, ulikisahau au ulikiacha?"