Mistari Minne ya Rangi ya Kutu

Wino wa baba ulinuka. Simtanii marehemu, ulinuka kama panya aliyefia uvunguni. Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi kijijini Mollo, na kila nilipofungua mlango wa stoo harufu ile ilinipokea kabla macho hayajazoea giza. Ilitoka kwenye chungu kilichopasuka mdomo, ambamo baba aliloweka misumari yenye kutu katika machicha ya pombe ya ulezi. Machicha yalichacha, yakaota ukungu mweupe, vijiinzi vikazama humo, naye akakoroga kwa kijiti akisema bado kidogo. Baada ya wiki mbili maji hayo ya kutu yalichujwa na kuchanganywa na maji ya magome ya mgunga, yale ambayo wafugaji wa Kisukuma waliohamia kwetu waliyatumia kutengenezea ngozi. Hapo ndipo ulipozaliwa wino. Kuchuja ilikuwa kazi yangu, kwa kitambaa cha kanga kuukuu nilichokikamua kwa mikono, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha. Shuleni walikataa kula kiporo na mimi. Sikuwalaumu, maana hata mimi nilikula nikiwa nimeziba pua.

Baba alikuwa katekista wa kigango chetu, na kwa kuwa watu walimwamini, walimjia kuandikiwa wosia. Aliuandika katika daftari moja kubwa, kwa kalamu ya nibu aliyoachiwa na padre mzee aliyerudi kwao, padre huyohuyo aliyemfundisha kupika wino. Wino wa dukani hakuutaka. Mwaka mmoja paa la kigango lilivuja na maandishi yote ya dukani yakageuka madoa ya bluu, lakini yale ya magome hayakutikisika. Ulikuwa na tabia yake wino ule. Ukiandika leo, maneno yanatoka hafifu, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kesho asubuhi yamekuwa meusi tititi. Baba alipenda kutuita tuone, kana kwamba ni yeye aliyekesha akiyapaka masizi. Alikuwa na tabia nyingine pia: kati ya wosia mmoja na mwingine aliacha mistari kadhaa mitupu, ili mtu akibadili nia pawepo nafasi ya kurekebisha.

Masika yale mvua haikutupa nafasi ya kuanika chochote, na uvundo wa stoo ukahamia sebuleni, ukaingia kwenye blanketi, ukaingia kwenye sare yangu ya shule. Nilichoka. Mama alikuwa na desturi ya kutia magadi kidogo kwenye maharage yaive upesi, na kwenye mboga za majani zenye uchachu ili uchachu uishe. Nikawaza, kama magadi yanaua uchachu wa mboga, yatashindwaje na wa wino? Nikachota kijiko kizima, nikakitia kwenye chupa ya wino uliokwisha kupikwa. Povu likafurika hadi vidoleni, zito, la rangi ya damu iliyoganda. Lakini lilipotulia, harufu ilikuwa imepungua kweli. Nikapangusa chupa, nikairudisha mahali pake, nikajiona mwenye akili kuliko wote nyumbani.

Siku ya pili yake alikuja Apolinari, jirani yetu, na mkewe Gaudensia, ambaye mimi nilimwita mama mdogo. Hawakujaliwa mtoto. Apolinari alitaka iandikwe kwamba akifa, shamba la bondeni walilolilima pamoja libaki kwa mkewe, ndugu zake wasiliguse. Baba aliandika mistari minne, Apolinari akachora msalaba kwa kuwa hakujua kusoma, na mzee mmoja wa jirani akashuhudia. Asubuhi baba alifungua daftari atuonyeshe weusi, akakuta maneno ni mekundu kama kutu. Aliyanusa, akayainulia kwenye mwanga. "Nani amegusa chupa yangu?" aliuliza. Nikasema sijui. Akamwaga wino ule, akapika mwingine, na wosia uliofuata ukawa mweusi kama kawaida.

Miezi mitatu baadaye Apolinari aliugua homa, akafa ndani ya siku tano. Matanga hayajaanuliwa, kaka yake Oresti alikuwa ameshapanda mambo kwenye lile shamba, vijiti vya kugawana mipaka. Gaudensia akadai wosia usomwe. Tulikusanyika nje ya kigango, baraza la kijiji likakaa kwenye mabenchi ya kanisa, na mimi nikabeba daftari kwa sababu baba alinituma nilibebe. Yule shahidi mzee alikuwa amenyweshwa pombe kwa Oresti siku mbili mfululizo. Alikuja na matapishi yamekaukia kwenye koti, akasema hakumbuki. Kisha Oresti akachukua daftari, akalamba kidole, akakipitisha juu ya jina la marehemu ndugu yake. Hadi leo nauona ute ule uking'aa kwenye karatasi.

"Wazee, hebu tazameni," alisema. "Huu wa juu mweusi. Wa chini mweusi. Huu wa katikati kama mavi ya ndama. Katekista ameacha nafasi, tumeshazika, akajazia."

"Wino ni wa aina ileile," baba alisema. "Nilipika mwenyewe, ukageuka usiku uleule."

"Basi tuambie, mbona umegeuka?"

Baba hakuwa mtu wa kubuni. Jibu nilikuwa nalo mimi, nimesimama hatua tatu kutoka kwake, mikono nimeificha nyuma ya sketi. Mama mdogo Gaudensia alinitazama, si kwa kunishuku, ila kama mtu anayetafuta uso wa kuutazama. "Mwanangu, wewe si ulikuwepo tulipokuja?" aliniuliza. Nikatikisa kichwa kukataa. Niliogopa fimbo. Fimbo tu, hakuna kingine, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko machicha yote niliyowahi kukamua.

Shamba likaenda kwa Oresti. Gaudensia akabeba masufuria yake kwenye beseni, akaenda kwa kaka yake Bonde la Rukwa, na huko ndiko alikofia. Baba aliacha ukatekista bila kuambiwa. Chungu akakivunja, stoo ikanukia mahindi, jambo nililokuwa nimeliomba masika yote, na bado sikuweza kula ndani ya nyumba ile.

Sasa nina duka la steshenari mjini, mtaa wa Katandala. Watu wananiletea wosia nichape. Mashine inatoa karatasi nyeupe zenye herufi nyeusi zote sawasawa, hazinuki chochote, na kina Oresti wa siku hizi wanakuja wakiwa wameoga, wamejipulizia manukato, wanauliza kama tarehe inaweza kurudishwa nyuma kidogo. Nawafukuza, kisha najiuliza nina haki gani ya kumfukuza mtu.

Baada ya arobaini ya baba nililikuta daftari chini ya sanduku lake, limefungwa kwa kitambaa cha kanga nilichokuwa nikichujia. Nilikaa nalo mlangoni penye mwanga. Sijui ni unyevu, sijui ni miaka. Weusi aliojivunia baba umechujuka wote. Ukurasa mzima, wosia kwa wosia, umekuwa rangi ya kutu. Nilitafuta mistari minne ya Gaudensia kwa macho nikashindwa, ikabidi nisome jina kwa jina kwa kidole, hadi nilipoufikia ule msalaba.