Siku Don Crisóforo Aliponawishwa Mikono

Don Crisóforo Lárraga alikuwa baba wa ubatizo wa nusu ya wilaya, na nusu iliyobaki alikuwa baba wa keki. Huku kwetu Huasteca, Mexico, hakuna sherehe isiyokuwa na wafadhili. Binti akitimiza miaka kumi na mitano utakuta baba wa viatu, baba wa muziki, baba wa keki, hata baba wa maputo. Ukishakubali kuwa baba wa chochote, wewe na wazazi wa mtoto mmekuwa makompadre, na kompadre anapita ndugu wa tumbo moja. Humtukani. Humsemi vibaya. Na siku ya kura ukithubutu kuweka alama kwa mwingine, kalamu inakukatalia yenyewe.

Don Crisóforo alilijua hilo kuliko alivyoijua sala ya Baba Yetu. Umeya aliushika vipindi vitatu yeye mwenyewe na kimoja mkewe, pale sheria ilipomtaka apumzike. Akapumzika kweli, ofisini, kwenye kiti kile kile, na mkewe akawa anamletea kahawa.

Basi huyo ndiye ambaye Obdulia Zumaya alijitia kumng'oa. Mgombea binafsi, hana chama, hana fulana za kugawa, na picha yake kwenye bango ilipigwa akiwa amefumba jicho moja. Kazi yake ilikuwa kupika zakawili kijijini Ahuatepa: mahindi ya kuparaza, pilipili na nguruwe mzima, vyote vinaviringishwa kwa majani ya mgomba mpaka mzigo unalingana na mtoto wa ng'ombe, kisha unasukumwa kwenye tanuri la udongo jioni na kutolewa asubuhi. Watu walipomuuliza kama haogopi, alijibu kwamba anayeinua zakawili kila Jumapili hawezi kutishwa na mwanamume mwenye kitambi.

Alichokitaka ni daraja, basi. Kati ya Ahuatepa na mji wa Santa Rufina unapita mto Tecolo, na mvua zikianza Ahuatepa inageuka kisiwa. Kila kampeni Don Crisóforo alikuja na bendi kuweka jiwe la msingi. Mawe yalifika manne, kuku wakawa wanatagia katikati yake. Baada ya jiwe la pili mto ulimchukua Melesio, mume wa Obdulia, akitoka sokoni. Na siku ya tisa ya sala za kumwombea, nani alijitokeza kuwa baba wa msalaba wa marehemu? Yeye huyo huyo. Alileta msalaba wa mbao nzuri, akapigwa nao picha, akamkumbatia mjane na kumwita komadre, ndiyo kompadre wa kike. Obdulia, macho yamevimba kwa kulia, akasema asante. Asante ile ilimkaa kooni miaka minane, na ndiyo hasa iliyomwingiza kwenye siasa.

Kampeni ilikuwa kichekesho. Mpwa wake Abundio, mnunuzi wa vyuma chakavu, alimwazima gari lake bovu lenye kipaza sauti, na kipaza sauti hicho kilikuwa na akili yake. Obdulia akianza tu, "Ndugu zangu wa Ahuatepa," sauti ya Abundio iliyorekodiwa inamdakia: tunanunua mabati, betri mbovu, jiko lililotoboka, chochote kilichochoka nyumbani.

"Na meya pia," Obdulia anamalizia. "Mlete, tutampima kilo."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakaingia ndani na kufunga milango, kwa sababu kicheko ni kicheko na kompadre ni kompadre.

Jirani yake Eufrosina ndiye aliyemwambia wazi, wakimenya mahindi barazani kwake.

"Mimi nakupenda, Obdulia, wewe unajua. Lakini Don Crisóforo ndiye aliyemshika mwanangu Chema kwenye maji ya ubatizo. Nitamtazamaje usoni?"

"Kwani huo uso umeuona lini mara ya mwisho?"

"Siku hiyo hiyo." Eufrosina akatupa ganda. "Nilimchinjia bata mzinga. Nikaweka beseni, maua, sabuni mpya, taulo mpya. Akasema ana kikao na gavana. Bata nikamla mimi, kwa hasira, nikaumwa tumbo."

"Hukumnawisha?"

"Nimnawishe wapi, kwenye vumbi la gari lake? Yule hajawahi kunawishwa na mtu."

Obdulia akaacha kumenya. Kwetu mtoto akishabatizwa, au msalaba ukishasimikwa, wazazi au wafiwa humnawisha mfadhili mikono kwa maji ya maua, humfuta kwa taulo ambayo haijatumika, humpa mguu wa bata na kikombe cha pombe ya miwa. Mzigo alioubeba kanisani unamtoka mikononi hapo, na pande zote mbili zinabaki sawa, hakuna anayemdai mwenzake. Asiponawishwa, deni linaning'inia tu hewani. Yeye mwenyewe siku ya msalaba alikuwa ameandaa beseni. Don Crisóforo aliangalia saa, akampiga bega, akaondoka. Obdulia alidhani ni haraka.

"Haraka gani hiyo ya miaka ishirini," akasema polepole. Ndipo hasira zikampanda hadi masikioni. Mtu amewafunga wilaya nzima kamba shingoni kwa kuondoka mapema kwenye sherehe, na wao wanamsifu kwamba ana kazi nyingi.

Kuanzia hapo hakutaja tena daraja kwenye mikutano, wala umeya. Alipita mlango kwa mlango akiuliza swali moja: ulimnawisha? Hakunawa, wakajibu huku. Hakunawa, wakajibu kule. Mzee mmoja alikuwa bado na sabuni ndani ya karatasi yake, na yule mtoto aliyebatizwa sasa ana ndevu.

Jumapili ya kufunga kampeni Don Crisóforo alijaza uwanja wa Santa Rufina. Bendi ilikuwepo, fulana zilikuwepo, na chakula cha bure ambacho Obdulia alikionja na kusema kimepikwa na mtu mwenye kinyongo na nguruwe. Jukwaani, kwenye kiti chenye mto laini, alikaa mama yake meya, Doña Pilar, bibi mkavu wa miaka tisini aliyelala kila mwanawe alipoanza kuhutubia.

Don Crisóforo alijipiga kifua. "Wanasema nimewachosha. Haya, nani hapa ambaye si kompadre wangu? Ajitokeze mbele nimwone."

Hapo ndipo alipojiroga.

"Mimi ni komadre wako," Obdulia akaitikia kutoka nyuma, "ndiyo maana nimekuja."

Alipita katikati ya watu, beseni kichwani, taulo begani. Nyuma yake alikuja Eufrosina na beseni lake, nyuma ya Eufrosina yule mzee wa sabuni, na nyuma yao Ahuatepa yote na vijiji vya jirani, maua ya manjano mikononi na bata mzinga wakipiga kelele kwapani. Bendi ilinyamaza yenyewe.

"Jambo gani hili, komadre?" Don Crisóforo alicheka kwa meno tu. "Tuko kwenye siasa hapa."

"Siasa endelea nayo. Sisi tunataka mikono."

"Siku nyingine. Nina—"

"Crisóforo." Doña Pilar alikuwa ameamka. "Umebatiza watoto wa watu hawa, na hujanawishwa?"

"Mama, kazi zilikuwa..."

"Toa mikono. Unataka nife na aibu hii?"

Hakuna meya aliyewahi kuchaguliwa Santa Rufina baada ya kumkatalia mama yake hadharani. Akakunja mikono ya shati.

Obdulia alimwekea beseni juu ya meza ya hotuba. Don Crisóforo akainama karibu na sikio lake, akanong'ona haraka. "Usininawishe wewe. Wengine sawa, lakini wewe baki komadre wangu. Daraja nitalijenga. Naapa kwa jina la mama yangu huyu."

Obdulia alimtazama. Nusura akubali, nisiwafiche, maana daraja ndilo alilolitaka, na huyu ndiye mwenye saini. Alikumbuka mawe manne na kuku wake. Kisha akaona kwamba mtu huyu, kwa mara ya kwanza, anamwogopa.

"Ukilijenga nitapita juu yake," akasema. "Toa mikono."

Akamnawisha taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayemwosha mtoto aliyechezea matope. Akamfuta. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kwa msalaba wa Melesio, tumemalizana. Hunidai, sikudai." Na mwili wake mzima ukawa mwepesi, akalia mbele ya watu bila haya.

Walinawisha mpaka jua likachwea. Mikono ya meya ilikunjamana, ikawa myeupe, na kwa kila beseni ilikuwepo pombe ya miwa ambayo mila hairuhusu kuikataa. Kufikia familia ya mwisho alikuwa anambusu kila mtu na kuwaita bata mzinga makompadre.

Siku ya kura Obdulia alimshinda. Si kwa mbali, lakini alimshinda, na watu wa Ahuatepa wakapiga fataki mpaka mbwa wakahama kijiji.

Mvua zilianza wiki iliyofuata. Asubuhi moja Obdulia alikuwa anaparaza mahindi alipomwona mtu anapanda kutoka mtoni, amelowa mpaka kifuani, kiatu kimoja tu mguuni. Gari lake lilikuwa la manispaa, nalo wameshalichukua, kwa hiyo alikuja kwa miguu.

"Komadre," Don Crisóforo alisema akitetemeka.

"Obdulia tu. Tulimalizana."

"Obdulia. Nimekuja kwa ajili ya mpwa wangu, yule wa ofisi ya maji. Usimfukuze, ana watoto." Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Midomo ilikuwa ya bluu. "Nilidhani maji ni ya magotini. Pale chini ya jiwe la pili miguu ilikosa ardhi kabisa. Nilidhani nimekufa."

Obdulia aliacha kuparaza.

"Hapo ndipo alipozama Melesio," akasema. "Miaka minane umekuwa baba wa msalaba wake, na hujawahi kuniuliza ni wapi."

Obdulia akamimina kahawa kwenye kikombe cha bati, akampa, akamtupia blanketi la marehemu mabegani. Habari ya mpwa akasema ataifikiria. Nje mvua ilizidi, na mto ukaanza kusikika mpaka jikoni.

"Sasa mimi nitarudije nyumbani?" mzee akauliza.

"Utangoja maji yapungue," Obdulia akamwambia, akirudia mahindi yake. "Sisi huwa tunangoja."